Taa ya okidi inakusumbua? Anza na dalili unayoiona

Maswali kuhusu taa za kukuzia okidi (mimea ya maua) ndani ya nyumba ni yale yale kila mara: majani yamekuwa mekundu, mmea una miaka haujatoa ua, vitumba vimedondoka vyote, taa inachezacheza. Na karibu kila anayeuliza anakuwa ameshabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kashusha taa, kaongeza mbolea, kahamisha chungu, sasa hata mmea ukipona hajui nini kimeuponya. Naomba tusiende hivyo. Kwenye mmea unabadilisha kitu kimoja, unasubiri wiki kadhaa, unaangalia jani jipya linatokaje, maana okidi inajibu polepole sana. Kwenye umeme ni kinyume kabisa, hapo husubiri hata dakika, unazima kwanza ndo unaanza kufikiri.

Vipimo vya kuanzia ni viwili na vyote unavyo. Cha kwanza mkono: uweke pale pale jani lilipo chini ya taa, kaa kama dakika moja, ukihisi joto basi jani nalo linalihisi siku nzima. Cha pili simu: weka programu ya kupima mwanga kwa luksi, laza simu usawa wa majani kioo kikitazama taa, soma namba. Simu sio kipimo cha maabara, inakosea, ila inatosha kukuambia kama una luksi 2,000 au 20,000, na hiyo ndo tofauti tunayoitafuta. Angalizo tu, kwa taa za zambarau (zile za nyekundu na bluu peke yake) hiyo namba usiiamini, kwa sababu luksi inapima mwanga kwa jinsi jicho la binadamu linavyouona na jicho letu linapenda zaidi kijani, kwa hiyo taa ya zambarau itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Namba za kukumbuka, kwa aina za okidi: Phalaenopsis na Paphiopedilum ni watu wa kivuli, Phalaenopsis inaridhika na luksi kama 10,000 hadi 15,000 na Paphiopedilum hata pungufu kidogo ya hapo. Cattleya na Oncidium nyingi zinataka 20,000 hadi 30,000. Vanda inataka kuanzia 30,000 kwenda juu, na kwa ukweli Vanda ndani ya nyumba kwa taa ni kazi, mtu anayeanza asianze nayo.

"Majani ni kijani kizito, marefu, yamelegea, na maua hakuna"

Hii ndo inayoripotiwa kuliko zote, na watu wanafurahia ile rangi ya kijani kizito wakidhani ni afya. Sio afya, ni njaa ya mwanga. Okidi yenye mwanga wa kutosha inakuwa na kijani cha wastani, kama kimepauka kidogo hivi, na jani jipya linakuwa gumu na halipungui sana ukubwa kuliko la zamani.

Sababu ya kwanza ni taa iko mbali. Mwanga wa balbu moja ukiongeza umbali mara mbili unabaki kama robo tu, sio nusu, kwa hiyo taa iliyotundikwa darini na mmea uko mezani ni pambo tu. Taa za LED ndefu kama fimbo za wati 20 hivi anza sentimita 20 hadi 30 juu ya majani ya Phalaenopsis. Paneli kubwa inayokula wati 100 kweli kweli anza sentimita 50 au 60, kisha pima na simu.

Sababu ya pili ni masaa. Mwanga ni nguvu mara muda, ukiwasha masaa 6 hata kama taa ni nzuri haitoshi. Masaa 12 hadi 14 kwa siku ndo kawaida. Usiwashe 24, nitasema kwa nini mbele kidogo.

Ya tatu ni taa yenyewe kuwa dhaifu kuliko maandishi yake, na hapa ndo watu wanaumia wakati wa kununua. Boksi limeandikwa "1000W", ukisoma maandishi madogo nyuma kumbe inakula wati 100 tu, ile 1000 ni ya "sawa na" taa fulani ya zamani. Wewe tafuta wati inazokula yenyewe. Ukipata taa inayotoa namba ya PPFD kwa umbali uliotajwa, hiyo ni bora zaidi, maana inapima mwanga ambao mmea unautumia. Kwa taa nyeupe ya LED chukua luksi gawanya kwa 70 hivi utapata PPFD ya kukadiria. Na rangi, nunua nyeupe, ile ya kelvini 4000 hadi 6500, inakuza okidi vizuri bila shida na unaona jani lina rangi gani. Chini ya zambarau jani zuri na jani bovu yote yanaonekana meusi, utaugundua ugonjwa umeshachelewa, mimi kwa hilo peke yake simshauri mtu taa ya zambarau ndani ya nyumba.

Ya nne, umri na vumbi. Tyubu za floresenti zinapungua nguvu kimya kimya, jicho halioni, baada ya mwaka hadi mwaka na nusu badilisha hata kama bado inawaka. LED nayo inapungua ila taratibu, na yale masaa 50,000 yanayoandikwa mara nyingi maana yake ni mwanga kushuka hadi asilimia 70, sio siku ya kufa. Futa taa kwa kitambaa kikavu ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa, futa na majani kwa kitambaa chenye unyevu.

Ukiwa umerekebisha yote hayo na jani jipya limekuja zuri lakini bado hakuna bua la maua, basi acha kuilaumu taa. Phalaenopsis inaamshwa kutoa maua na ubaridi, sio na mwanga peke yake, ikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 28 usiku na mchana itaendelea kutoa majani tu. Wiki chache za usiku wa nyuzi 16 hadi 18 ndo zinaleta bua. Na aina kadhaa za Cattleya zinahesabu urefu wa usiku, kwa mfano Cattleya labiata inatoa maua siku zikifupika, ukiiwekea masaa 16 ya mwanga au kuna taa ya sebule inayowaka hadi saa sita usiku, inachanganyikiwa. Halafu giza lenyewe lina kazi: Phalaenopsis, Cattleya na Vanda zinafungua vitundu vya majani usiku kuvuta hewa ya kaboni, zinaihifadhi, mchana ndo zinaitumia kwenye usanisinuru. Ukiwasha taa masaa 24 umeunyima mmea muda wake wa kuvuta hewa, ndo maana nikasema usiwashe 24.

"Majani yamekuwa njano, au yana wekundu/uzambarau"

Kwanza tulia, angalia ni jani gani. Kama ni moja tu, la chini kabisa, linageuka njano taratibu na mengine yako sawa, hilo ni jani zee linaondoka, liache likauke lenyewe.

Kama njano imeenea mmea mzima na hasa upande unaotazama taa, hapo mwanga ni mkali. Wekundu kidogo pembeni mwa jani ni mmea unajikinga na mwanga, kwa Cattleya vidoadoa vidogo vya uzambarau sio tatizo na wengine wanavitafuta kabisa kama ishara kuwa mwanga uko karibu na kiwango cha juu. Ila kwa Phalaenopsis jani zima likiwa jekundu, inua taa sentimita 10 hadi 15 au kama ina dima (swichi ya kupunguza mwanga) punguza, usibadilishe kingine, subiri. Kuna Phalaenopsis za maua meusi-meusi ya zambarau ambazo chini ya jani zina rangi hiyo kwa asili, hizo ziache.

Namna ya kutofautisha mwanga na mizizi: toa mmea kwenye chungu uangalie. Mizizi mizima ni migumu, ikilowa inakuwa kijani, ikikauka ni ya rangi ya fedha. Mizizi ya kahawia inayobonyea na kutoka kama soksi imeoza, na njano yako imetoka huko, sio juu. Baada ya hapo ndo ufikirie mbolea, maana upungufu wa naitrojeni nao unaleta njano ila huwa unaanzia majani ya chini na unakuja baada ya muda mrefu bila mbolea.

"Kuna mabaka meupe, baadaye yakawa kahawia au meusi"

Bonyeza kwa kidole. Baka kavu, limezama kidogo, liko sehemu ya jani iliyo karibu zaidi na taa na halisogei, hiyo ni kuungua. Baka laini, la majimaji, lina ukingo wa njano na kesho ni kubwa kuliko leo, hiyo sio taa, hiyo ni kuoza kwa bakteria na inakimbia.

Kuungua mara nyingi kunatokea siku za mwanzo za taa mpya. Mmea umetoka dirishani kwenye mwanga hafifu, unauweka chini ya paneli kali masaa 14 siku hiyo hiyo, utaungua tu. Anza taa ikiwa juu, ishushe kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Sababu nyingine ni jani kukua hadi kugusa taa, bua la maua hasa linapenda kupanda moja kwa moja kwenye LED bila wewe kujua, pita uangalie kila wiki. Nyingine ni joto bila hewa kutembea, feni ndogo inayopuliza kwa mbali (sio moja kwa moja usoni mwa mmea) inasaidia kuliko watu wanavyodhani, jani likipata upepo linapoa.

Taa za zamani za sodiamu zenye balbu ya moto mkali mimi sizishauri kwa okidi za nyumbani kabisa, joto lake linachoma jani na mkono wako, na karibu na pazia ni hatari ya moto.

Baka lililoungua halitapona, litabaki hivyo hadi jani lidondoke, usilikate kwa sababu ya sura tu, sehemu ya kijani bado inalisha mmea. Ila lile la majimaji: toa mmea mbali na wenzake leo hii, kata kwa wembe uliopitishwa motoni, kata hadi kwenye sehemu nzima, acha kidonda kikauke na usimwagie maji juu. Ukiona weusi umefika katikati pale majani yote yanapoanzia, simama, usiendelee kukata kwa kubahatisha, mpelekee mtu anayekuza okidi kwa kazi au mtaalamu wa magonjwa ya mimea akuangalizie, na mimea mingine usiishike kabla hujanawa.

"Majani yamekunjamana kama yamekauka, na namwagilia"

Hapa taa inahusika kwa njia ya mzunguko. Taa inapasha moto, magome ya miti yaliyo kwenye chungu badala ya udongo yanakauka haraka kuliko yalivyokuwa dirishani, na wewe unamwagilia kwa ratiba ya zamani. Cheki uzito wa chungu kwa mkono kabla ya kumwagilia. Chungu chepesi na mizizi ya rangi ya fedha, mmea una kiu, ongeza maji. Chungu kizito na majani bado yamekunjamana, mizizi imeoza na hainywi, ukiongeza maji unaimalizia. Hawa wawili wanafanana ukiangalia majani tu, ndo maana nasisitiza mizizi ionwe kwa macho. Mwagilia asubuhi taa ikiwa karibu kuwaka ili maji yaliyoingia katikati ya majani yakauke kabla ya usiku.

"Vitumba vimekuwa njano vikadondoka kabla ya kufunguka"

Inauma hii, umesubiri miezi. Anza na swali rahisi: nini kimebadilika wiki mbili zilizopita? Mara nyingi kuna kitu: mmea umehamishwa, umegeuzwa upande mwingine, taa mpya imefungwa, taima iligoma taa ikawaka usiku kucha. Bua likishatoka usigeuze chungu na usibadilishe taa, kama lazima ubadilishe subiri maua yafunguke.

Baada ya hapo hewa kavu na joto karibu na taa, sogeza taa vitumba viwe mbali nayo zaidi ya majani. Halafu kiu. Halafu gesi ya ethileni, ambayo matunda yanayoiva yanaitoa, na moshi wa jiko pia, kwa hiyo rafu ya okidi isiwe jirani na bakuli la ndizi. Mwisho kabisa angalia wadudu kwa ndani ya vitumba, thripsi ni wadogo sana, piga kitumba taratibu juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna vinavyotembea. Na buibui wekundu wanapenda hewa kavu ya joto, ile ile ya chini ya taa, geuza majani uangalie chini.

"Taa inachezacheza, inavuma, inazima yenyewe"

Ikiwa inachezacheza, zima, chomoa, angalia plagi kama imekaa vizuri kwenye soketi, jaribu soketi nyingine. Kama umeiunganisha kwenye swichi ya kupunguza mwanga ya ukutani, hiyo ndo sababu mara nyingi, LED nyingi hazielewani na dima ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, na mvumo nao unatoka huko huko. Ikizima yenyewe baada ya saa moja mbili kisha inarudi, inajikinga na joto: futa vumbi kwenye mapezi ya nyuma ya kupoozea, iache nafasi ya kupumua, usiibane chini ya ubao wa rafu. Ikiendelea hata baada ya hapo, draiva (kile kifaa kinacholisha LED umeme) inakufa, na draiva ukiifungua ina kapasita zinazobaki na umeme hata ukishachomoa, kwa hiyo usiifungue, badilisha nzima au mpe fundi.

Taa isipowaka muda wake, kabla ya kulaumu taa angalia taima. Taima za kuzungusha zinasimama umeme ukikatika na baada ya hapo zinachelewa kwa muda ule ule uliokatika, zirekebishe kila umeme ukirudi. Na soma taima inabeba ampea ngapi, LED zikiwaka kwa pamoja zinavuta mkupuo mkubwa wa sekunde ndogo sana ambao unaweza kugandisha kontakti (vyuma vya ndani vinavyounganisha umeme) za taima dhaifu, taa ikawa haizimi tena.

"Breka inakatika, kuna harufu ya kuungua, au nimepigwa shoti kidogo"

Hapa hakuna kubahatisha. Harufu ya plastiki inayoungua, plagi ya moto au iliyobadilika rangi, cheche, au hata ule mtekenyo mdogo ukigusa fremu ya taa: usiguse tena, zima kwenye breka kuu sio kwenye swichi ya taa, ndo uchomoe. Mtekenyo mdogo mtu anaupuuza, wakati maana yake umeme umefika kwenye chuma ambacho hakikutakiwa kuwa nao, pengine hata waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) haupo kwenye soketi yako. Huyo ni fundi umeme mwenye leseni, sio jirani mwenye bisibisi.

Breka ikikatika mara moja siku uliyopuliza maji, sababu ya kwanza ni maji. Taa iliyoandikwa IP20 haina kinga yoyote ya maji, IP44 inavumilia michirizi, IP65 inavumilia maji ya kurushwa kwa bomba. Okidi na maji havitengani kwa hiyo kwa rafu unayopuliza maji nunua IP44 au zaidi, na hata hivyo zima kabla ya kupuliza. Waya wa taa uache ushuke chini kuliko soketi kabla haujapanda kuingia, maji yakitiririka kwenye waya yatadondoka pale chini badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni isilale sakafuni chini ya vyungu, isiwe imeviringishwa ikiwa inabeba mzigo (inapata moto), na usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni. Taa itundikwe kwa mnyororo au kamba yake, kamwe isining'inie kwa waya wa umeme.

Ukirudisha breka ikakatika tena, usiirudishe tena taa zikiwa zimechomekwa. Chomoa taa zote, rudisha, kama inakaa basi chomeka moja moja ujue ipi mbovu, hiyo itoe kabisa. Kama inakatika hata bila taa yoyote, tatizo liko ndani ya ukuta, mwite fundi, na ukiwa naye muulize kama saketi hiyo ina breka ya aina ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukianza kupitia mwilini mwa mtu. Kama haipo muombe aifunge.

Tyubu ya floresenti ikipasuka ina zebaki kidogo ndani: toa watu na wanyama chumbani, fungua madirisha, subiri kama dakika 10, okota vipande kwa karatasi ngumu na vumbi kwa utepe wa gundi (selotepu), funga kwenye chombo chenye mfuniko. Usifagie wala usitumie mashine ya kunyonya vumbi, inarusha hewani.

Na usiharakishe kurudisha taa mbovu kwa kuihurumia okidi. Isogeze karibu na dirisha lenye mwanga bila jua kali la mchana, punguza maji kidogo, itakaa hapo wiki mbili tatu bila kudhurika wakati unasubiri fundi.